Nusu Saa ya Jenereta

Mkuu wa kituo aligonga kioo cha saa yake kwa ukucha.

"Saa saba mchana faili linaondoka kwenda mahakamani. Fundi alishika jenereta, jenereta ikamwaga moshi, mzee wa watu yuko hospitali siku ya tatu hajafumbua macho. Unatafuta nini kingine, afande?"

"Natafuta moshi ulipitia wapi," Inspekta alijibu.

"Ulipitia kwa fundi mzembe."

Inspekta hakubishana. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Kituoni walimwita Mama Tena, kwa sababu hakuna mtuhumiwa aliyewahi kumaliza maelezo mbele yake bila kuambiwa, "Hebu nieleze tena." Alichukua funguo mezani, akamwita Koplo, akatoka kwenda uani.

Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo, chini ya paa la bati. Lilikuwa gari la nyumba, refu na jeupe, lenye kitanda, jiko na bafu humo humo ndani. Jumapili saa nane mchana, katika kambi ya wasafiri, mpimaji ardhi mmoja mstaafu aliwasha jenereta ya gari hilo ili apate kiyoyozi, akajilaza. Nusu saa baadaye mkewe alirudi kutoka kufua, akamkuta hajitambui. Bibi huyo wa miaka sitini na nane alimkamata mumewe miguu, akamburura hadi nje kwenye nyasi. Daktari alisema dakika kumi zaidi wangekuwa wanazungumza habari za mazishi.

Kwenye daftari la matengenezo lililokuwa ndani ya gari, sahihi ya mwisho ilikuwa ya fundi mmoja wa jirani na kambi. Alikuwa ameihudumia jenereta siku tatu kabla. Jioni ile ile akatiwa ndani.

Sasa aliletwa uani na pingu mikononi, ovaroli lake la kijivu likiwa limekunjamana kwa kulalia sakafu. Watu walimwita Polepole. Wateja wapya walidhani ni jina la kumsifu. Wa zamani walijua ni malalamiko.

"Mfungue," Mama Tena alimwambia Koplo.

"Afande, mtuhumiwa huyu—"

"Atatuonyeshaje kazi ya mikono akiwa hana mikono?"

Pingu zikafunguliwa. Fundi alisugua vifundo vyake, akaitazama ile jenereta ndani ya kisanduku chake ubavuni mwa gari, kama mtu anayemtazama ng'ombe wake aliyeibiwa.

"Alhamisi ulifanya nini hapa?"

"Huduma ya kawaida, afande. Nilimwaga oili ya zamani ikiwa ya moto, maana ikipoa haitoki yote. Nikatia mpya, nikapima kwa kijiti. Nikabadili filta ya hewa, nikatoa plagi nikaisafisha. Nikakagua bomba la moshi kutoka kwenye mashine mpaka nje. Nikatia betri mpya kwenye king'ora cha hewa ya sumu kule ndani, nikakibonyeza kikalia. Halafu nikaiwasha, nikaibebesha mzigo, kiyoyozi na friji pamoja, saa nzima. Nikaandika."

"Hebu nieleze tena. Kuanzia bomba la moshi."

"Bomba linaungana na sailensa pale nyuma," alionyesha kwa kidole bila kugusa. "Panashikwa na kibano chenye nati mbili. Mimi nilizikaza zote."

Koplo, bonge la mtu aliyependa kumaliza kazi kabla ya chakula, alikuwa tayari amelala chini ya gari na tochi. Sauti yake ikatoka kule chini kwa shangwe.

"Afande! Tope! Bomba limezibwa na kiota cha nyigu! Kesi imekwisha, mhalifu ana mabawa!"

Mama Tena alimwangalia Fundi. Fundi akainama kidogo, akachungulia, akasimama.

"Hilo ni bomba la maji ya sinki, afande. Moshi haupiti huko. Nyigu hana kesi."

Koplo alitoka chini ya gari na vumbi usoni, akaacha kucheka. "Basi kibano chenyewe kimelegea," alisema. "Ndivyo nilivyokipiga picha Jumapili kule kambini, kabla gari halijakokotwa. Bomba limechomoka, mdomo wake unatazama tundu la nyaya za umeme kwenye sakafu. Moshi wote uliingia ndani."

"Kwa hiyo fundi hakukaza," sauti ya Mkuu ilisikika. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Afande, naomba utazame kwa miwani yako," Polepole alisema.

Mama Tena aliivaa, akapiga magoti kwenye saruji, akaingiza kichwa kisandukuni. "Niambie nitazame nini."

"Kila nati ninayoikaza naichora mstari mwekundu, unaanzia kwenye nati unamalizikia kwenye kibano. Ni rangi ya kucha, ya mke wangu. Ananigombeza kila mwezi. Nati ikijizungusha hata kidogo, mstari unakatika, ninaona kwa macho bila kuleta spana."

Kisha Mama Tena akasema kutoka mle ndani, "Rangi ipo. Kwenye nati zote mbili. Na mistari imekatika. Nusu moja inatazama juu, nusu nyingine inatazama pembeni."

"Mtikisiko," Mkuu alisema. "Mashine inatetemeka, nati zinalegea. Angekaza vizuri zisingelegea."

"Mtikisiko haung'ati chuma, Mkuu," Mama Tena alijibu. "Kona za nati zimechubuliwa, zinang'aa. Mtu ameziminya kwa koleo. Fundi, wewe unatumia koleo kwenye nati?"

Polepole alikasirika kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. "Koleo? Kwenye nati? Mimi, afande, niweke ndani kwa lingine lolote, lakini si kwa hilo!"

Hata Mkuu alitabasamu. Lakini akatazama saa yake tena. "Bado ni maneno. Alikosea Alhamisi, akajaribu kurekebisha kwa koleo, akaharibu."

Mama Tena alitoka, akajipangusa magoti, akamnyooshea Koplo mkono. Koplo akampa daftari la matengenezo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mita ya jenereta sasa inasomaje?"

Koplo alichungulia. "Mia nne ishirini na tatu, nukta sita."

"Alhamisi Fundi alipomaliza aliandika mia nne kumi na mbili kamili. Kwa hiyo baada ya huduma jenereta hii imefanya kazi saa kumi na moja na nusu, na kidogo juu yake. Fundi, kibano kingekuwa wazi saa zote hizo, tungeona nini?"

"Masizi, afande. Hiyo sakafu ya juu yake imepakwa rangi nyeupe. Ingekuwa nyeusi kama chungu."

"Ina doa moja la kijivu. Ukipitisha kidole linafutika." Akafungua ukurasa uliofuata, akausoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa wa mkono mwingine, mdogo, ulionyooka kama uliopigwa rula. "*Jumapili, saa sita kasoro dakika tano, nimezima. 423.1. Oili sawa. Bomba sawa, mistari ya fundi mizima.* Mzee mwenyewe aliandika. Mpimaji ardhi hawezi kupita kitu bila kukipima. Mpaka saa sita mchana wa Jumapili, Mkuu, nati zilikuwa zimekaza. Kutoka nukta moja mpaka nukta sita ni nusu saa. Hiyo ndiyo nusu saa aliyolala."

Mkuu alilichukua daftari, akasoma mwenyewe, midomo ikichezacheza. Alirudia mara mbili.

"Basi ni kati ya saa sita na saa nane," alisema taratibu.

"Na Fundi saa hizo alikuwa chini ya lori la mchanga, mbele ya dereva na mwenye lori. Tuliandika tangu juzi, ila tuliona halina maana."

Polepole alikuwa amesimama, machozi yakimteremka bila yeye kuyafuta. Koplo alimpa kiti. Hakikuwa na mguu mmoja, lakini alikalia.

*

Bibi alikuwa akisubiri ofisini na kikapu cha nguo za hospitali mapajani. Macho yalikuwa mekundu, ila mgongo umenyooka.

"Mama, Jumapili saa sita mlikuwa wapi?"

"Tulikwenda kula kantini ya kambi, mimi na Mzee. Gesi yetu ilikwisha Jumamosi jioni, sufuria ikiwa jikoni. Hata maji ya kuoga yalikuwa baridi."

Koplo alifunua orodha yake ya vielelezo, akaitikia kwa kichwa: mtungi wa gesi, mtupu.

"Gari lilibaki na nani?"

"Na mdogo wangu. Ndiye aliyetuendesha, macho ya Mzee siku hizi hayaoni mbali. Yeye alikuwa na chumba chake pale kambini, lakini alisema atalichungulia gari, sisi tule taratibu."

"Akaja kula?"

"Alikuja saa saba hivi, mkono ameufunga leso. Alisema birika la chai limemmwagikia. Nikamwambia, pole mwanangu. Nimemlea mimi, unajua. Mama yetu alituacha yeye akiwa wa kunyonya."

Mama Tena aliandika neno moja, akalipigia mstari. "Kile king'ora cha ndani hakikulia Jumapili?"

"Hakina betri. Mdogo wangu aliitoa Jumamosi. Alisema kinalialia kitatunyima usingizi. Mimi sikukisikia, lakini masikio yangu nayo si ya zamani."

"Betri ilikuwa na siku mbili tu, mama. Fundi aliitia mpya."

Vidole vya Bibi vikaanza kuzikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Safari yenu ilikuwa ya nini?"

"Kesi. Alhamisi hii, hapa mjini. Kaka yetu alifariki, akaacha mjane na watoto watatu na kiwanja chao. Mdogo wangu akasogeza uzio, akasema ni cha kwake. Jiwe la mpaka halionekani. Mzee ndiye aliyelizika miaka ishirini na mbili iliyopita, hakuna mwingine ajuaye lilipo." Alishusha pumzi. "Lakini mdogo wangu hakuwa na kinyongo! Alisema, shemeji aseme alichokiona, mahakama iamue, mimi mwenyewe nitawaendesha. Nilimshukuru Mungu kwa moyo ule. Niliwaambia majirani."

Nje, mtu alikuwa akipiga chapa kwa mashine kuukuu, herufi moja moja.

"Kikulacho," Bibi alisema kwa sauti ndogo, na hakumalizia.

*

Mdogo wake Bibi, yule Shemeji wa Mzee, aliingia saa tano na nusu, shati limepigwa pasi, bandeji nyeupe kuanzia kifundo cha mkono wa kulia mpaka chini ya kidole kidogo. Alikaa bila kukaribishwa.

"Dada yangu yuko wapi? Nimemletea chakula."

"Yupo, anapumzika. Hebu nieleze Jumapili."

"Nilishaeleza. Saa sita walikwenda kula. Nikabaki kidogo, nikawafuata. Saa saba na nusu nikaenda mjini. Niliporudi nikakuta vilio. Huyo fundi anyongwe."

"Jenereta uliigusa?"

"Mimi? Hata mlango wake sijui unafunguliwaje. Mimi dereva tu, afande. Ufunguo na usukani."

"Mkono?"

"Chai. Nilikuwa namchemshia Mzee, anapenda chai yake akitoka kula. Birika likateleza."

"Hebu nieleze tena. Ulichemshia wapi?"

"Jikoni, kwenye gari. Pale kuna jiko la gesi."

"Ukaliwasha."

"Nikaliwasha, ndiyo. Maji yalichemka haswa, unaona yalivyonifanya."

Koplo aliacha kuandika. Akaitoa picha ya mtungi, akaiweka mezani kwa adabu, kama mtu anayeweka karata.

"Gesi ilikwisha Jumamosi jioni," Mama Tena alisema. "Ndiyo maana walikwenda kantini. Wewe ulilala chumbani kwako, hukujua."

Shemeji aliitazama picha. "Basi ilikuwa birika la umeme."

"Umeme wa nini? Jenereta ilizimwa saa sita kasoro. Mzee kaandika."

"Basi ni kule kantini! Mtu akiungua anakumbuka alikuwa amesimama wapi?"

"Kantini ulifika mkono umeshafungwa leso. Dada yako ndiye aliyekupa pole."

Shemeji alijiegemeza nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia ukutani. "Kuungua ni kuungua," alisema. "Kosa la jinai liko wapi hapo?"

"Mganga wa zamu yuko nje. Akifungue kidonda tukione. Ukikataa, nitaomba amri ya mahakama, jioni tutakuwa hapa hapa. Una haki ya kumwita wakili."

Alifikiri. Labda alidhani kidonda hakina mdomo. Akaunyoosha mkono.

Mganga alifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko. Ubavu wa kiganja ulikuwa umeungua, wekundu mkali, lakini si wote. Katikati ya wekundu kulikuwa na viduara vya ngozi nzima, vyeupe, vimejipanga safu tatu kama mashimo ya bao.

"Hii si maji," mganga alisema. "Maji hutambaa. Huyu kaegemea chuma cha moto."

Koplo alikuwa ametoka. Aliporudi alibeba kwa glavu kava la sailensa, kipande cha bati chenye matundu ya duara, kilichotolewa kwenye jenereta dakika ishirini zilizopita baada ya kupigwa picha pande zote. Fundi ndiye aliyemwelekeza, akiwa ameketi juu ya kiti chake cha miguu mitatu: mtu anayetaka kuifikia nati ya nyuma kwa koleo lazima alaze mkono juu ya hilo bati, na mashine iliyozimwa sasa hivi huwa bado ya moto wa kukaangia.

Mganga aliweka rula kwenye mkono, kisha kwenye bati. Akapima upana wa tundu, akapima nafasi ya kati. Akapima tena, maana Mama Tena alimtazama.

"Milimita nane na milimita nane. Nafasi, tano na tano. Safu tatu."

"Mlango wa jenereta hujui unafunguliwaje," Mama Tena alisema. "Mkono wako unajua."

Uso wa Shemeji ulikuwa umejaa jasho. Alikitazama kile chuma, akautazama mkono wake, akaufunika kwa mwingine.

"Sikutaka afe," alisema. "Nilitaka augue tu. Alhamisi ipite, kesi ifutwe. Angepona. Ningemuuguza mwenyewe."

"Hebu nieleze tena," Mama Tena alisema, akavuta kiti karibu. "Polepole. Koplo anaandika."

Alieleza. Betri aliitupa kwenye pipa la kambi. Koleo aliliazima kwa mtunza bustani, akalirudisha. Alimaliza na kutia sahihi kwa mkono wa kushoto saa saba kasoro dakika kumi.

Mkuu alisimama mlangoni na faili mkononi, lile lililopaswa kuondoka saa saba. Alichomoa karatasi ya mashtaka ya fundi, akaichana mara mbili, akavitia vipande mfukoni kwa sababu hapakuwa na pipa karibu. Kisha alikwenda uani mwenyewe.

"Fundi," alisema, "nimekosa. Nenda nyumbani."

Polepole alisimama. Hakuelekea getini, alielekea kwenye gari. "Naomba spana namba kumi na tatu, Mkuu. Siwezi kuiacha mashine hivi, nati ziko ovyo."

"Hicho sasa ni kielelezo," Mama Tena alimwambia. "Ukikigusa nakurudisha ndani."

Askari wote waliokuwa uani waliangua kicheko, na Fundi naye akacheka, kicheko kikubwa kilichomtoka kama kikohozi cha mtu aliyezuiwa pumzi siku mbili. Wakampigia makofi mpaka getini. Koplo alimsindikiza kwa pikipiki ya kituo, king'ora kikilia bila sababu yoyote ya kisheria.

*

Jioni Mzee alifumbua macho. Alimwona mkewe, akamwona Inspekta, akauliza ni siku gani. Alipoambiwa Jumanne, akauliza kama gari lina mafuta.

Bibi ndiye aliyemweleza. Hakuficha neno, hakulia. Mama Tena alitaka kutoka, Bibi akamzuia kwa mkono.

"Kaa, mwanangu, usikie nawe. Nilimlea yule, na nitampelekea chakula gerezani, hilo sitamnyima. Lakini Alhamisi kiti cha mume wangu nitakisukuma mimi."

Alhamisi daktari alitoa ruhusa ya saa mbili tu. Hakimu alikubali kusikiliza ushahidi pale pale kiwanjani. Walifika watu wengi kuliko mahakama ingeweza kubeba: majirani, makarani, Polepole na mkewe mwenye kucha nyekundu, Koplo akiwa na jembe begani. Mjane alisimama kando ya barabara na watoto wake watatu, nje ya uzio, kama mgeni.

Mzee aliomba asukumwe hadi pembe ya ukuta wa zamani. Alifumba macho. Alinyoosha mkono, akausogeza kidogo kulia, akausimamisha.

"Hatua kumi na tisa kutoka hapa. Za mtu mzima."

Koplo alihesabu kwa sauti. Ya kumi na nne ilimfikisha kwenye uzio wa Shemeji. Hakimu akaamuru mti mmoja ung'olewe, ukang'olewa. Kumi na tisa. Jembe likapanda, likashuka. Udongo. Likashuka tena. Udongo. Mara ya tisa lilitoa mlio ambao hata waliokuwa barabarani waliusikia.

Walifukua kwa mikono. Likatokea jiwe la saruji lenye msumari katikati, na kando ya msumari, tarakimu zilizochongwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

"Andika," hakimu alimwambia karani. "Jiwe limeonekana."

Kelele iliyopigwa pale ilirusha ndege kwenye mapaa. Mjane hakupiga kelele. Alivuka pale mti ulipong'olewa, watoto nyuma yake, akaenda akasimama juu ya lile jiwe kwa miguu yote miwili.

"Mzee wetu," alimwita, "kutoka hapa mpaka wapi?"

Mzee aliinua mkono wake dhaifu, na Bibi akamshikia kiwiko usishuke.

"Mpaka kule kwenye mtaro, mama. Kote huko ni kwenu."